Mzigo wa Safari ya Baisikeli

Mtu asafiriye kwa baisikeli hana mpagazi. Zamani za misafara, mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu. Na tajiri aliyetaka kusafiri na meza yake, na kiti chake, na sanduku la vikombe vyake, aliajiri watu wa kutosha, kisha akaenda zake mikono mitupu. Lakini mwenye baisikeli ndiye tajiri, tena ndiye mpagazi. Kila kitu akitiacho juu ya keria, miguu yake mwenyewe italipa gharama yake kwenye mlima wa kwanza. Kwa hiyo mtu atakaye kulala njiani siku mbili tatu sharti afikiri sana kabla ya kufunga mzigo, na zaidi ikiwa fedha yake ni kidogo.

Wako watu waliolifikiri jambo hili tangu zamani. Katika mji wa London palikuwa na mshoni wa nguo, jina lake Thomas Hiram Holding. Mwaka 1897 alisafiri kwa baisikeli katika nchi ya Ireland pamoja na wenzake, wakilala hemani, na mwaka wa pili yake, 1898, akatoa kitabu cha habari za safari ile. Hema zilizozoewa siku zile zilikuwa nzito, zifaazo kupakiwa garini. Lakini yeye, kwa kuwa sindano ilikuwa ndiyo kazi yake, alitengeneza hema ndogo za kitambaa chepesi, ziwezazo kukunjwa na kufungwa juu ya baisikeli. Mwaka 1901 alianzisha chama cha wapiga kambi wa baisikeli, na chama hicho kingalipo hata leo, ingawa jina lake limebadilika.

Vijana wawili wa Korogwe, mtu na mdogo wake, hawakupata kusikia habari za mshoni huyo, wala hawakujua kushona. Lakini shida yao ilikuwa ile ile.

Mjomba wao alihamia Lushoto, akawaandikia waje kumtazama wakati wa likizo ya mwezi wa Juni. Nyumba yake mpya ilikuwa imefika kuta tu, haijaezekwa, na yeye mwenyewe, na mkewe, na watoto wake, walikuwa wamebanana katika chumba kimoja cha kupanga. "Njoni," alisema, "uwanja ni mpana, lakini paa mje nalo wenyewe." Vijana wakakata shauri kwenda kwa baisikeli na kulala nje: usiku mmoja Mombo, na usiku wa pili na wa tatu katika uwanja wa mjomba. Baba alikubali upesi. Mama alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Nendeni, lakini nataka kuwaona mmerudi wote wawili."

Fedha yao ilikuwa ile waliyoipata kwa kuuza machungwa, basi haikuwa nyingi. Yule mkubwa, aliyependa hesabu, aliigawa juu ya mkeka mafungu kumi yaliyo sawa. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuona kitu anachokitaka. Mlangoni mwa duka moja lilitundikwa hema la nailoni, rangi ya samawati, lenye mlango wa zipu. Bei yake ilikuwa mafungu manane.

"Kaka, tukilipata hili tumemaliza," alisema mdogo.

"Naam, tumemaliza fedha," alijibu mkubwa. Lakini hata yeye alikuwa na tamaa yake, maana alikuwa akiwaza tochi kubwa ya kufunga kwenye usukani, na mifuko miwili ya ngozi ya kuning'iniza pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Ni desturi ya mtu aanzaye safari kutamani kwanza vitu vionekanavyo.

Kabla ya kununua kitu chochote walizipeleka baisikeli kwa fundi. Zilikuwa baisikeli za kawaida, nyeusi, za chuma, zenye breki za fito. Moja ni ya baba yao, na ya pili waliiazima kwa jirani. Baisikeli ya namna hii ina uzito wa kilo 20 hivi hata kabla ya kutiwa mzigo. Si nyepesi, lakini ina sifa mbili: keria yake ni imara, na hakuna mji wala kijiji kikubwa pasipo na mtu awezaye kuitengeneza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mwakwenda wapi na blanketi hizi?"

"Lushoto, fundi."

Fundi akaipindua baisikeli ya jirani, magurudumu juu, akalizungusha gurudumu la mbele, akakaza breki. Gurudumu likapiga kelele ya chuma juu ya chuma. "Kupanda hakuna neno," akasema, "kwa maana mtasukuma. Sasa niambieni, mtashukaje?"

Vijana wakatazamana. Fundi akawaonyesha raba za breki. Zile za mbele zilikuwa zimelika hata kibati kinachozishika kilikuwa kikigusa ukingo wa gurudumu. Lushoto iko kama meta 1,400 juu ya bahari, na Mombo iko chini kwenye uwanda. Katika njia ya kilometa 33 mtu hushuka karibu meta 1,000, na barabara ni nyembamba, ina kona nyingi, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Mtu na baisikeli yake na mzigo wake hupata kilo 90 au 100. Uzito huo wote, ukiteremka, hauna kitu cha kuuzuia ila vipande vinne vya raba, kila kimoja kadiri ya kidole gumba.

Basi siku ile mafungu kumi yaligawanywa upya. Mafungu manne yalikwenda kwa fundi, kwa raba nane mpya, nne za kila baisikeli, na tyubu moja mpya ya akiba. Fungu moja lilinunua viraka, na gundi, na kipande cha msasa. Mafungu mawili yalinunua turubai la nailoni, upana wake meta 3 na urefu wake meta 4. Mawili yaliwekwa kwa chakula. Fungu moja halikuguswa, likakunjwa na kushonewa ndani ya mfuko wa suruali ya mkubwa, liwe la nauli ya basi, kama mmoja wao akiugua au baisikeli ikivunjika. Hema la samawati likabaki mlangoni mwa duka.

Vitu vingine vyote vilitoka nyumbani, wala havikugharimu hata senti. Pampu na spana waliziazima. Mama alitoa sufuria moja yenye kifuniko, mwiko, vikombe viwili vya bati, na kanga kuukuu, ambayo huweza kuwa shuka, na taulo, na kitambaa cha kuvukia sufuria ya moto, na bandeji ya kutundikia mkono ulioteguka. Walitwaa chandarua chao chenye dawa, kwa kuwa Mombo ni nchi ya joto na mbu ni wengi. Kamba walikuwa nazo za kutosha, maana Korogwe ni nchi ya katani tangu mmea huo ulipoletwa pwani ya Tanga mwaka 1893. Na kwa kufunga mzigo walipata kitu kilicho bora kuliko kamba, nacho ni mpira wa tyubu kuukuu, uliokatwa vipande virefu na vyembamba. Kamba ikilegea, mzigo huanguka. Lakini mpira huvutika na kubana tena, hata barabara iwe na mashimo namna gani. Mifuko ya ngozi ilisahauliwa. Badala yake walitumia mifuko miwili ya nailoni iliyokuwa na unga, wakaifua na kuikausha.

Kisha wakaupeleka mzigo dukani kuupima kwa mizani. Mzigo wa mkubwa ulikuwa kilo 24, na wa mdogo kilo 19. Mwenye duka akacheka. Wakaufungua pale pale barazani, na kazi ya kupunguza ikaanza. Kilo mbili za maharage zilirudi nyumbani; si kwa uzito wake tu, bali kwa sababu maharage hutaka moto wa saa mbili au zaidi, na msafiri aliyechoka hana kuni za kufanyia anasa hiyo. Dagaa wakavu na karanga za kukaanga zikachukua mahali pake, kwa kuwa hizo huiva upesi au zimekwisha kuiva. Viatu vya pili vilitoka. Shati la tatu lilitoka. Mtungi wa udongo ulitoka, wakaweka madumu mawili ya plastiki ya lita 3. Lita moja ya maji ni kilo moja kamili, na hesabu hiyo haina ujanja. Lakini maji ni mzigo usiopunguzwa, kwa maana mtu aendeshaye baisikeli katika uwanda wa joto aweza kunywa lita 4 kwa siku. Mwishowe mkubwa alitoa hata magunia mawili ya katani waliyotaka kuyalalia. "Tutalala juu ya majani," alisema. Mdogo hakupenda, lakini hakubishana na kaka yake. Mizani ikaonyesha kilo 14 na kilo 13, nao wakaridhika.

Siku ya safari waliondoka alfajiri, kwa sababu njia ya Korogwe kwenda Mombo, kama kilometa 40, ni barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na mabasi na malori hupita humo kwa kasi. Walishika upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwenziwe, na kila waliposikia gari kubwa likija nyuma yao walitoka hata ukingoni. Mkubwa alivaa shati jeupe, aonekane. Mdogo alifunga kitambaa chekundu nyuma ya mzigo. Vitu hivi havina bei, lakini dereva wa lori huviona kutoka mbali.

Walipokuwa wamekwenda zaidi ya nusu ya njia, gurudumu la nyuma la mdogo lilianza kulegea. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya tairi. Hapo ndipo fungu lile moja la viraka lilipolipa deni lake. Waliketi kivulini, wakaitoa tyubu, wakaijaza upepo, wakaipitisha polepole katika sufuria yenye maji kidogo mpaka mapovu yakatoka. Wakapakausha mahali pale, wakapasugua kwa msasa, wakapaka gundi. Mdogo akataka kubandika mara moja. "Ngoja," akasema mkubwa, "fundi amesema gundi ikauke kwanza hata isimetemete." Ndivyo ilivyo: kiraka kilichowekwa juu ya gundi mbichi hutoka kabla ya kilometa tano. Walipokwisha kubandika, mkubwa alipitisha vidole taratibu ndani ya tairi yote, akaukuta mwiba ungalimo, ncha yake ikitokeza kwa ndani. Watu wengi huziba tundu na kuusahau mwiba, kisha husema viraka vya siku hizi si vizuri.

Maji yale ya sufuria hawakuyamwaga, bali waliyanawia mikono.

Mombo walifika mchana, wakaenda kumsalimu mzee wa kanisa na kumwomba mahali pa kulala. Mgeni apigaye kambi bila kubisha hodi hushukiwa kuwa mwizi. Aliyebisha hupewa mahali, na mara nyingi hupewa na kuni. Walisimamisha baisikeli mbili, umbali wa meta mbili na nusu, wakazifunga kwa vigingi zisianguke, wakapitisha kamba kutoka usukani hata usukani, na turubai likalazwa juu ya kamba, kingo zake zikakandamizwa kwa mawe. Chandarua kilining'inia chini ya kamba ile ile. Walipika ugali na dagaa, wakachemsha maji ya kesho, wakayaacha yapoe ndani ya sufuria yenye kifuniko. Usiku ule walilala vizuri kabisa, na mkubwa akasema, "Waona? Magunia ya nini?"

Siku ya pili ilikuwa ya kupanda. Hakuna mengi ya kusimulia juu ya kupanda: walisukuma. Soni walipumzika, wakatazama maporomoko ya maji, wakala karanga, wakasukuma tena. Kila walipofika kona, waliiona barabara juu ya vichwa vyao, na mdogo alikuwa akihesabu kimoyomoyo vitu vilivyorudishwa nyumbani, akavishukuru kimoja kimoja kwa kutokuwapo. Mjomba aliwapokea jioni, na mkewe akawapa chai ya moto, na mahali pa kulala palikuwa ndani ya zile kuta zisizo na paa, pasipo na upepo. Walidhani wamepata hoteli.

Lakini hewa hupungua joto kama digrii 6 kwa kila meta 1,000 za kupanda, na mwezi wa Juni ni wakati wa baridi. Kila mmoja alijifunika blanketi lake. Yapata saa saba za usiku wote wawili walikuwa macho, wakitetemeka, na jambo la ajabu ni kwamba baridi haikutoka juu, bali ilitoka chini. Turubai lilizuia umande, blanketi lilizuia hewa, lakini mgongo ulilala juu ya majani machache yaliyokwisha kubanwa na uzito wa mwili, na ardhi ilikuwa ikinyonya joto lao kama vile tambara linyonyavyo maji. Mtu akilala juu ya udongo wa baridi, nguo moja iliyo chini yake yamfaa kama mbili zilizo juu.

"Kaka," alisema mdogo gizani.

"Nimesikia."

"Sijasema kitu."

"Nimesikia magunia," akasema mkubwa.

Wakaondoka, wakatandika blanketi moja chini, na mashati, na mifuko mitupu ya unga; wakalala pamoja, mgongo kwa mgongo, chini ya blanketi la pili na kanga ya mama. Hawakupata joto la kupendeza, lakini walipata usingizi. Asubuhi mjomba alicheka sana, akawapa magunia mawili na majani makavu ya migomba ya kuyajaza, na usiku uliofuata mdogo alilala hata jua likampiga usoni. Gunia moja lina uzito wa kilo moja hivi. Katika ile hesabu ya barazani, hiyo ndiyo kilo iliyotolewa kwa makosa.

Siku ya nne kulikuwa na ukungu, na barabara ilikuwa imelowa. Mjomba aliwazuia wasiondoke mpaka saa nne, jua lilipokausha lami. Maana ukingo wa gurudumu la chuma ukilowa, raba huteleza juu yake, na baisikeli huenda mbali sana kabla ya kusimama. Mzigo wote mzito waliushusha chini kabisa, ukafungwa kwa mpira mara mbili. Walishuka polepole, mkubwa mbele. Hawakushika breki moja tu, wala hawakuikaza moja kwa moja, bali walizikaza zote mbili na kuzilegeza kidogo, kisha kuzikaza tena. Na kila baada ya kilometa mbili au tatu walisimama, wakagusa ukingo wa gurudumu kwa kidole. Mara mbili uliwachoma. Hapo waliketi kando ya njia mpaka ulipopoa.

Chini kidogo ya Soni, kwenye kona, walikuta ng'ombe watatu katikati ya barabara, na mtoto akijaribu kuwafukuza kwa fimbo. Mkubwa alikaza breki. Baisikeli ile ya jirani, ambayo juma moja kabla ilikuwa ikilia chuma juu ya chuma, ililia kidogo, ikasimama hatua tatu mbele ya ng'ombe wa kwanza. Mdogo alisimama nyuma yake. Hakuna aliyesema neno. Mtoto aliwaamkia, nao wakamwitikia, ng'ombe wakapita. Upande wa kushoto mawe madogo yaliyosukumwa na tairi yalikuwa yangali yakiporomoka bondeni, na sauti yake ilichukua muda kunyamaza.

Walifika nyumbani magharibi, miguu ikiuma. Mama aliwatazama, akahesabu wawili, akaingia jikoni. Kesho yake mdogo aliufungua mzigo, akatenga mafungu mawili juu ya mkeka: vitu vilivyotumika kila siku, na vitu visivyoguswa hata mara moja. Katika fungu la pili palikuwa na shati moja, na kopo la mafuta ya nywele, na kitabu kikubwa ambacho mkubwa alisema atakisoma njiani. Mkubwa aliichana ile fedha kutoka mfukoni mwa suruali, akaenda nayo kwa jirani kurudisha baisikeli. Jirani alipoinama kuitazama, aliuliza, "Raba hizi mpya umeziweka wewe?" Kijana akamwambia ndiyo. Zilikuwa zimelika, na mistari iliyokuwa juu yake ilikuwa karibu kufutika, lakini bado zilikuwa na unene wa kutosha kwa miezi mingi ya barabara za Korogwe, ambazo ni za tambarare.

Jirani akasema, "Basi mwaka ujao ukiitaka tena, usiiombe. Njoo uichukue."